WALALAHOI SABA, LUKU MOJA: Nani anastahili umeme wa bei nafuu?

Ndugu msomaji, nusura damu imwagike katika nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam. Chanzo si mwanamke, si pombe, wala si simu iliyoibwa. Chanzo ni hita. Ile hita ya waya, ya kutumbukiza kwenye ndoo na kuchemsha maji ya kuoga.

Jirani yangu wa chumba cha tatu mkewe alikuwa amejifungua. Wewe unajua mila zetu: mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, siku nenda siku rudi. Mkaa ulikuwa umemwishia, mfukoni hana kitu, akachomeka hita. Jirani wa chumba cha tano, dereva wa bodaboda, akapita koridoni akaona namba za luku zinateremka kama maji ya mfereji. Akagonga mlango. "Wewe bwana, juzi tumechanga, leo unatumalizia umeme peke yako?" Neno likazaa neno, shati likashikwa kola, mama wa watu yuko ndani na kichanga anasikiliza waume wawili wazima wakitaka kutoana roho kwa ajili ya ndoo moja ya maji.

Tukawaamua. Lakini usiku ule sikulala, nikajiuliza: hivi hawa wawili ni maadui kweli? Au kuna mtu amewafunga kamba moja shingoni, kisha amekaa pembeni anawatazama wakivutana?

Msomaji, kama wewe ni kijana wa mjini unayepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita au saba, habari hii ni yako. Usiniambie kwamba mambo ya bei za umeme ni ya wasomi. Mimi mwenyewe sikusomea uchumi, nimeishia sekondari na ninaokoteza riziki kwa kalamu. Lakini kujumlisha na kugawanya ninakujua, na kwa jambo hili hesabu ya darasa la tano inatosha.

Sikiliza vizuri. Nchi hii ina umeme wa bei nafuu kwa ajili ya wanyonge. Si uvumi wa kijiweni, umo katika bei zilizopitishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016. Kundi hilo linaitwa D1, yaani wateja wadogo wa majumbani. Mteja wa D1 ni yule ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja kwake ni shilingi 100. Akivuka 75, kila uniti ya ziada inaruka mpaka shilingi 350. Mwenye wastani wa juu zaidi anawekwa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292. Juu ya bei hizo weka asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo mtu wa D1 anatoa shilingi 122 kwa uniti, na mtu wa T1 anatoa 356. Ndiyo maana jamaa yako anakwambia amenunua uniti 75 kwa shilingi 9,150, nawe ukatoa 10,000 ukapata uniti 28, ukadhani mtandao umekosea. Mtandao haukukosea. Mmewekwa makundi mawili tofauti.

Sasa twende kwenye nyumba yetu. Vyumba saba, luku moja. Kila chumba kina taa, simu za kuchaji, redio au televisheni, na feni kwa sababu joto la mji huu halina huruma. Tuseme kila chumba kinakula uniti 30 kwa mwezi. Huyo ni mtu mdogo kabisa, hajafika hata nusu ya zile 75. Kwa haki yoyote ile anastahili umeme wa wanyonge. Kama angekuwa na mita yake, mwezi mzima ungemgharimu shilingi 3,660 tu.

Lakini hana mita yake. Uniti 30 mara vyumba 7 ni 210. Mita inasoma 210, na mita haina macho. Haioni vyumba saba, haioni vitanda saba, haioni milango saba yenye makufuli saba. Inaona mteja mmoja mwenye matumizi makubwa, bwana mkubwa wa uniti 210! Anapelekwa T1. Uniti 210 kwa 356 ni shilingi 74,760. Gawanya kwa 7, kila chumba ni 10,680. Yaani mlalahoi yule yule, taa ile ile, feni ile ile, analipa karibu mara tatu ya kile ambacho angelipa. Tofauti ni shilingi 7,020 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Kwa mwaka ni 84,240. Kwa nyumba nzima ni shilingi 589,680 kwa mwaka, zinazotoka katika mifuko ya mlinzi, mama muuza barafu, fundi viatu na vijana wawili wa bodaboda.

Tena angalia nani anabaki ndani ya kundi la wanyonge. Kijana mwenye kazi nzuri, anayepanga nyumba ya peke yake yenye mita yake, anapika kwa gesi, anatoka alfajiri na kurudi usiku: uniti 75 hazimalizi. Bwana mwenye nyumba ya pili pale Bagamoyo, anayokwenda kupunga upepo mara moja kwa mwezi: kwa kipimo cha uniti peke yake, naye ni mteja mdogo. Siwaonei kijicho. Ninachosema ni kwamba kipimo kinachomwita mwenye nyumba mbili mnyonge, na kumwita mama wa barafu mtumiaji mkubwa, kimepinda.

Na hilo jina la luku unajua maana yake? Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Haya, niambie wewe unayekaa chumba cha kupanga: unalipa kadiri unavyotumia wewe, au kadiri anavyotumia jirani? Sisi tunalipa kadiri tunavyobanana!

Watatokea wapambe watasema, "Ah, hao wapangaji kila mmoja aombe mita yake, tatizo liishe." Maneno matamu hayo. Januari 2022, gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilipandishwa kutoka shilingi 27,000 hadi 320,960, na hiyo ni kwa aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Kwa vyumba saba hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2. Nani atatoa? Mpangaji ambaye mkataba wake ni wa miezi sita na hajui kama Desemba atakuwa bado yupo? Au mwenye nyumba, ambaye hachangii hata senti moja ya umeme na kwake mita moja au kumi ni sawa? Hakuna atakayetoa. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote ni za kweli.

Sasa nikuonyeshe kitu kingine, uone jinsi dola inavyokuwa na macho makali inapotaka. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia luku, shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapandishwa, ikawa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Lakini nani ananunua umeme? Mpangaji. Walipoulizwa, jibu lilikuwa kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba wake. Msomaji, wewe umewahi kuelewana na mwenye nyumba wako? Mpelekee risiti ya shilingi 1,500, mwambie akukate kwenye kodi ya chumba, halafu uniletee majibu yake.

Wakati wa kuchukua, mita inatufahamu sote, hata deni lisilo letu linatufikia. Wakati wa kutoa nafuu, mita inapofuka ghafla.

Wala mambo hayaishii Dar. Panda basi uende Njombe, fika Makete mwezi Juni au Julai. Kule hakuna habari ya feni. Kule ni baridi ya kukata masikio. Juu Kitulo umande huganda alfajiri ukawa mweupe. Mtu wa kule anahitaji moto si wa kupikia tu, anahitaji moto ili watoto walale. Umeme wake wa wanyonge unaishia wapi? Uniti 75 zile zile. Kanuni haijui kama wewe unatokwa jasho Manzese au unatetemeka Makete. Basi mtu wa kule anazima taa mapema na kuingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha na mlango. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala vizuri, hajisikii vibaya, na asubuhi haamki. Ukisikia familia imekutwa imekufa na jiko liko katikati ya chumba, usiseme ni ujinga tu. Uliza pia umeme ulikuwa shilingi ngapi.

Na huku mjini, wapangaji wa luku moja wanawekeana sheria: marufuku jiko la umeme, marufuku pasi baada ya saa mbili, marufuku hita. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa. Lengo zuri, nani atalipinga? Lakini mtu atahamiaje kwenye jiko la umeme wakati akilichomeka tu anagongewa mlango? Atarudi kwa mama muuza mkaa, anunue kopo moja la leo, na kesho kopo lingine. Mwenye pesa ananunua gunia, mlalahoi ananunua kopo, na kilo kwa kilo mlalahoi ndiye anayelipa zaidi. Umaskini, ndugu yangu, ni kitu cha gharama sana.

Usidhani ugomvi wa nani anastahili ni wa huku kwetu tu. Hata kwa wakubwa upo, na tunaweza kujifunza. Uingereza tangu 1997 serikali imekuwa ikiwapa wazee pesa ya kuwasha moto ndani ya nyumba wakati wa baridi. Julai 2024, chama cha Labour kikiwa kimeingia madarakani wiki chache tu zilizopita, Waziri wa Fedha Rachel Reeves akatangaza kwamba pesa hiyo, pauni 200 hadi 300 kwa nyumba, sasa itakwenda tu kwa wazee wanaopokea posho ya maskini. Wazee kama milioni 10 wakakatwa kwa mpigo mmoja. Hoja ilikuwa kwamba matajiri hawaihitaji. Hoja ina mantiki. Lakini mstari ulichorwa chini mno. Aliyezidi kiwango cha posho kwa pauni chache alikosa yote, na wazee wengi waliostahili posho hiyo hawakuwa wamejaza fomu za kuiomba.

Unajua kilichotokea? Wazee hawakuchoma matairi. Waliandika barua, waliwakaba wabunge wao majimboni, na Mei 2025 chama tawala kilipigwa vibaya katika uchaguzi wa serikali za mitaa, jambo hili likitajwa kila kona. Juni 2025 serikali ikala matapishi yake: huko England na Wales kila mzee mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka akarudishiwa pesa yake. Mstari ule ule uliokuwa hauwezi kusogea ukasogea.

Huko kwao pia kuna pesa inayofuata baridi yenyewe: zikipita siku 7 mfululizo za nyuzi sifuri au chini ya hapo, maskini wenye posho fulani wanaongezewa pauni 25. Lakini wana kasoro kama yetu. Wana punguzo la pauni 150 la bili ya umeme wakati wa baridi, na ili ulipate sharti jina lako au la mwenzako wa ndoa liwe kwenye bili. Ambaye bili ina jina la mwenye nyumba anabaki anatazama. Kumbe mpangaji ni mpangaji, hata akivaa koti zito!

Somo ni nini? Ni kwamba mstari wa nani anastahili haukushuka kutoka mbinguni. Unachorwa na watu ofisini, na watu wanaweza kuufuta. Hapa kwetu ulikuwa uniti 50. Januari 2014 ukasogezwa mpaka 75. Kenya mstari wao ulikuwa uniti 100, Aprili 2023 ukashushwa mpaka 30. Unapanda, unashuka, kutegemea nani anapiga kelele na nani amenyamaza. Wapangaji wamenyamaza.

Tusidanganyane, kuna hoja ya kweli upande wa pili. Watasema: tukianza kuhesabu vyumba, wajanja watajiandikisha vyumba hewa. Mwenye jumba la ghorofa atasema shamba boi ni kaya, mlinzi ni kaya, na mbwa ni kaya. Nakubali, mjini hapa hatukosi wajanja. Watasema pia kwamba shirika la umeme halina pesa ya kumpunguzia kila mtu. Nalo nalikubali, umeme hautokani na maombi.

Lakini kuhesabu kaya si kazi mpya. Agosti 2022 nchi hii ilifanya sensa. Makarani walipita mlango kwa mlango, wakahesabu watu milioni 61.7, zaidi ya milioni 5.3 wakiwa Dar es Salaam peke yake. Wakahesabu na majengo, wakaandika na anwani. Na unakumbuka walivyouliza? Hawakuuliza nyumba ina mita ngapi. Waliuliza nani na nani wanakula chungu kimoja, na kila chungu wakakiandika kaya. Walipofika kwetu waliandika kaya saba. Serikali moja, nyumba moja: kwa karani wa sensa sisi ni kaya saba, kwa mita ya umeme sisi ni mteja mmoja. Nani kati yao ni mwongo?

Basi dawa haihitaji daktari kutoka ng'ambo. Kila mita ya nyumba ya kupanga iandikwe idadi ya kaya zinazoitegemea. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ana daftari la wakazi, na wapangaji wana namba za NIDA. Mtu mmoja hawezi kuandikwa nyumba mbili kwa namba moja. Kisha kile kipimo cha uniti 75 kizidishwe kwa idadi ya kaya. Kaya saba, uniti 525. Nyumba yetu ya uniti 210 ingekuwa ndani ya mstari na kubaki na nafasi. Na kama pesa ni ndogo, basi anyimwe yule wa nyumba ya kupunga upepo ili apate mama wa barafu. Hilo ndilo lingekuwa jambo la kuwabana wenye nacho bila kumuumiza asiye nacho. Na ile kodi ya jengo irudi kwa mwenye jengo, idaiwe kwake, kwa jina lake.

Ndugu msomaji, ninamaliza na wewe, maana lawama zote nisizipeleke juu. Sisi vijana tunajua matokeo ya ligi ya Uingereza mpaka dakika ya goli, lakini hatujui tumewekwa kundi gani la umeme. Tukipandishiwa bei tunagombana na jirani. Mwenye nguvu zaidi anajiunganishia kwa kupitisha waya nje ya mita, anaunguza nyumba na kesho yuko rumande. Huo si ujanja. Huo ni kupigana na ukuta.

Fanya hivi. Leo jioni soma risiti yako ya luku, gawanya pesa kwa uniti, ujue unauziwa uniti moja shilingi ngapi. Hesabuni kaya za nyumba yenu, andikeni majina, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa na mumwambie aliweke jambo hili kwenye mkutano. Na EWURA, kila linapoletwa ombi la kubadilisha bei ya umeme, huitisha mkutano wa kupokea maoni ya wananchi. Mikutano hiyo hujaa wenye suti na wenye viwanda, kwa sababu wao wanajua faida yake. Nenda hata na kandambili zako. Simama, useme: mimi ni kaya, nina chungu changu, nina kufuli langu, natumia uniti 30, kwa nini mnaniuzia kama tajiri?

Yule mzazi wa chumba cha tatu amemaliza siku zake arobaini, mtoto anaendelea vizuri. Wale jamaa wawili wamepatana; juzi wa bodaboda alimletea mwenzake mkaa kopo mbili, bure. Walalahoi wana moyo wa kusaidiana hata bila ruzuku. Lakini huruma ya bodaboda haiwezi kuwa sera ya taifa, na haki ya mwanamke mzazi kupata ndoo ya maji ya moto haipaswi kupigiwa kura koridoni.